Beleshi Nililoliacha Mamboleo

Ipo siku moja, mwanangu, mtoto wa ndugu yangu, ambayo kila nikiikumbuka huinamisha uso hata nikiwa peke yangu chumbani. Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya gari ulilonunua, ukaniambia kwamba wewe na wenzako mnataka kuzunguka ufuo wa ziwa kuanzia Asembo Bay mpaka upande wa Kendu Bay, mpite njia ambazo magari madogo hayapiti. Ukaniuliza ununue vifaa gani vya kujikwamulia. Ningeweza kukutajia majina yake nikanyamaza. Lakini mtu akitaja dawa bila kutaja ugonjwa, mgonjwa huitupa dirishani. Kwa hiyo keti, nikueleze jinsi nilivyomwangusha mama mkwe wangu majini, mchana kweupe, mbele ya watu wa kwao.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Nilikuwa na duka pale Mamboleo, nauza mapambo ya magari: vitambaa vya viti, redio, taa za rangi, vyuma vya kung'aa vya kufunga mbele ya gari ili lionekane kali. Biashara ilikuwa nzuri, na nikanunua gari langu la kwanza lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilikuwa limetumika, lakini injini ilikuwa nzima. Mwenye gari wa kwanza, mzee aliyekuwa akilima huko bondeni, aliniachia nyuma ya gari beleshi la mpini mfupi, mbao mbili nene zilizojaa matope makavu, na kamba nene ya kuvutia gari. Aliniambia, "Hivi visitoke humu." Nikamwitikia kwa heshima, kama mtu anavyomwitikia mzee huku hana nia ya kumsikiliza.

Nililipamba gari lile, mwanangu, kama bibi harusi. Nilifunga taa nne juu ya paa. Nilifunga vyuma vya kung'aa mbele, na juu ya vyuma vile nikapachika winchi nyekundu, ile mashine ya kukunja waya wa chuma na kulivuta gari likikwama. Na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia, kwa sababu sikuwa mjinga wa jambo hili. Vyuma vile nilikuwa nikiviuza mwenyewe kila siku. Nilijua ni vya urembo, vimeshikwa na skrubu nyembamba, havikushikana na fremu ya gari. Nilijua kabisa winchi haifungwi hapo. Lakini ilipendeza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kisha nikatandika zulia jekundu nyuma. Zile mbao zilikuwa zikilichafua, na beleshi lilipiga kelele kila nilipopita tuta. Nikavitoa vyote pamoja na kamba, nikavirundika nyuma ya duka. Mke wangu Achieng' aliviona, akaniuliza, "Na tukikwama?"

Nikamwonyesha winchi. Akaitazama, akaenda zake.

Sasa, mama yake Achieng' alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kufikia mwaka ule alikuwa haoni ila kivuli cha mtu akipita mlangoni. Watu wote walimwita Min Achieng', yaani mama yake Achieng', na hata mimi leo siwezi kulitaja jina lake jingine. Alikuwa amengoja siku ya kufanyiwa upasuaji hospitalini Kisumu kwa muda mrefu, na siku hiyo ilipokaribia nikasema nitakwenda kumchukua mwenyewe. Ilipangwa alale kwa dada yake Achieng' mjini, kwani kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe, kisha asubuhi apelekwe hospitali.

Unajua mambo yetu, lakini ninyi vijana mmeyasahau nusu. Mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Nilikuwa simpi mkono. Nikiingia boma lao, yeye alikaa upande wake nami nikakaa wangu, na maneno yalikuwa machache na ya adabu. Kuingia ndani ya gari langu tu lilikuwa jambo kubwa kwake. Alikubali kwa sababu ya macho.

Boma lao liko ukishapita Katito unateremka uwanda wa Nyakach kuelekea ziwani, penye udongo mweusi. Udongo ule ukikauka ni kama sakafu. Ukilowa, humeza hata kwato za ng'ombe. Asubuhi tulipokwenda, mimi na Achieng', barabara ilikuwa kavu nami nikaingia bomani nikipiga honi. Baba mkwe, Mzee Odera, alitoka akalizunguka gari polepole, akagusa taa moja, kisha akatazama milima ya Nyabondo. Huko juu kulikuwa kumefunga mawingu meusi.

Baada ya kula aliniita kando. "Omondi," akasema, "mvua ya kule juu hushukia hapa kwetu bila kubisha. Acha gari hapa. Mama yako aende kwa mkokoteni wa ng'ombe kwa njia ya juu mpaka Katito, apande gari la abiria. Wewe utatoka maji yakipungua."

Mkokoteni wa ng'ombe, mwanangu, na mimi nimekuja na gari la taa nne. Nikamjibu, "Mzee, gari hili haliogopi matope."

"Sijasema gari linaogopa," akasema. "Nimesema mama yako haoni."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nawe utaona guu lililovunjika halikuwa langu. Mzee hakubishana na mkwe mbele ya watu. Alimwongoza mkewe mpaka mlangoni mwa gari, akamketisha kiti cha nyuma na sufuria ya kuku wa kumpelekea dada yake Achieng', akafunga mlango taratibu.

Njiani kuna mkondo wa maji wa msimu. Asubuhi tuliuvuka mkavu. Tulipofika sasa, maji ya rangi ya chai yalikuwa yakipita, si mengi, yangefika kwenye vifundo vya miguu. Achieng' akasema, "Simama kwanza niingie kwa miguu, nipime." Nikamwambia atachafua nguo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliyakadiria nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye kitambaa kipya, nikakanyaga mafuta.

Tulifika katikati. Gurudumu la mbele likazama, gari likainama upande wa kushoto, likasimama. Nikakanyaga mafuta zaidi. Hilo ndilo kosa la kila mwenye kiburi: kila magurudumu yalipozunguka yalijichimbia kaburi, mpaka tumbo la gari likakaa juu ya matope na magurudumu yakawa yanazunguka bila kushika kitu.

Nikashuka. Nilihitaji kuchimba mbele ya magurudumu, na beleshi lilikuwa Mamboleo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikachimba kwa mikono. Kisha nikamwomba Achieng' mfuniko wa ile sufuria, nikachimba kwa mfuniko wa chakula cha mama mkwe, naye ameketi nyuma yangu anasikia chuma kikikwaruza mawe. Nikaweka jeki, ikazama kama kijiko kwenye uji, kwa kuwa hapakuwa na ubao wa kuiwekea chini. Kote kuzunguka hapakuwa na mtu, na miaka ile simu hazikuwa zimefika kila mfuko.

Ikabaki winchi. Nilikokota waya mpaka kwenye mti mmoja uliosimama ng'ambo, nikaufunga, nikarudi. Achieng' alikuwa amesimama kando ya waya, akinisubiri nimpe kazi ya kufanya. Sikumwambia asogee. Nilikuwa nimejaa haraka na hasira, na nilijua vile vyuma ni vya urembo, nikabonyeza swichi.

Vyuma vilipinda kwanza. Nilisikia vikilia. Kisha skrubu zikakatika, na waya uliokuwa umekaza ukaruka pamoja na kipande cha chuma, ukapita mbele ya macho yangu ukampiga Achieng' begani. Ungepanda juu kidogo, leo nisingekuwa na mke wa kumtaja. Alikaa chini majini. Mkono wake wa kulia ulining'inia, hauwezi kushika kitu.

Kutoka ndani ya gari Min Achieng' akauliza, "Ni nini kimevunjika?"

Nikajibu, "Si kitu, Mama."

Achieng' alinitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie." Sikumwambia.

Wakati huo maji yalikuwa yamepanda. Yalikuwa yale ya Nyabondo sasa, mazito, yanabeba vijiti na majani, na yalianza kuingia kupitia chini ya milango. Zulia langu jekundu likawa linaelea. Nikafungua mlango wa nyuma nikamwambia mama mkwe kwamba lazima tutoke.

"Achieng' yuko wapi?" akauliza. "Aje anishike."

"Niko hapa, Mama," Achieng' akasema, "lakini mkono wangu umeumia. Baba Atieno ndiye atakayekubeba."

Atieno ni binti yetu wa kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Min Achieng' alipapasa maji kwa mkono. Yalikuwa yamefunika sakafu ya gari, naye amekunja miguu juu ya kiti kama msichana. Kisha akasema, "Mkwe wangu hatanibeba. Nitakaa hapa mpaka baba yako aje."

"Mama, maji yanapanda."

"Nayasikia. Macho ndiyo yamekufa, masikio ninayo."

Achieng' akaanza kulia. Sijui ni maumivu ya bega au ni nini. Mama alimsikiliza akilia, kisha akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akainyoosha mbele yake. "Mtandikie mgongoni," akasema. "Nguo yangu iwe kati yetu. Na yeye asiseme neno mpaka nifike."

Basi Achieng' akanitandikia leso mgongoni kwa mkono mmoja, nami nikainama mlangoni, na mama wa mke wangu akapanda mgongo wangu kama mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mikono yake hakuiweka shingoni mwangu. Alishika ncha za leso. Nilisikia akiomba kwa sauti ndogo, na moyo wake ukigonga mgongo wangu kupitia ile nguo. Achieng' alitutangulia, akipapasa chini kwa mguu.

Kabla hatujafika ukingoni, watu wakatokea ng'ambo: akina mama watatu waliokuwa wakitoka sokoni Katito, na pamoja nao Owuor, ndugu yake Mzee Odera. Niliwaona wakituona. Nikataka kwenda haraka ili tusionekane hivyo kwa muda mrefu, na haraka ile ikaniponza. Mguu ukateleza kwenye jiwe, nikapiga magoti, naye akaanguka majini.

Niliwahi kumshika. Maji yalikuwa ya kiuno. Lakini alikuwa amezama mpaka kichwani, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeondoka na maji. Nilimsimamisha pale, mvi zake zikitiririka maji usoni, nguo imemgandia mwilini, nami nimemshika kwa mikono yangu miwili, bila leso kati yetu. Owuor alipoona hivyo akageuka akatupa kisogo. Akina mama wakaingia majini na leso zao, wakamfunika, wakamtoa mikononi mwangu. Hakuna aliyenikemea. Mmoja alimpa Achieng' pole. Mimi nilibaki nimesimama majini, hakuna aliyeniambia nitoke.

Tulirudi bomani kwa njia ya juu, kwa miguu. Nililala kwa Owuor usiku ule, ingawa sikulala. Siku ya hospitali ilipita tukiwa bado Nyakach, na Achieng' amefungwa bega na bibi mmoja anayejua mifupa.

Maji yalipopungua, Mzee Odera alikwenda nami na majirani, na majembe, na wale ng'ombe wa mkokoteni. Walichimba, wakaweka magogo chini ya magurudumu, ng'ombe wakalivuta gari mpaka juu. Majirani walipoondoka, mzee aliniambia nitoe kila nilichokuwa nimeongeza kwenye gari lile tangu nilinunue, nikipange kwenye majani. Nikapanga. Redio, spika, vitambaa, taa, zulia lililojaa tope, winchi iliyopinda. Akavitazama kama mtu anayetazama maiti asiyemjua.

"Omondi," akasema, "kila kitu hapa ulimnunulia mtu anayesimama kando ya barabara akuone ukipita. Yule aliyeketi ndani ulimnunulia nini?"

Hakungoja jibu; aliswaga ng'ombe wake akaenda nyumbani, akaniacha nirudishe vitu vile ndani kimoja kimoja.

Hospitali ilitupa siku nyingine, lakini ilikuwa mbali, miezi kadhaa. Katika miezi ile, Min Achieng' alipapasa jikoni akaushika mpini wa sufuria iliyokuwa motoni, akaungua kiganja. Nilipoletewa habari hiyo nilikuwa dukani, namfungia mteja vyuma vya kung'aa. Nilimaliza kuvifunga kisha nikafunga duka, na toka hapo sikuuza tena vyuma vile. Siku ilipofika, alikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka Katito kama mzee alivyosema tangu mwanzo. Niliomba kutembea mbele nikiwaongoza ng'ombe, nikakubaliwa.

Upasuaji ulifaulu, Mungu ashukuriwe. Baadaye, siku nilipokwenda kumwona akiwa na macho yake, alikaa upande wake, nami nikakaa wangu. Nilianza kuomba radhi kwa kumwangusha. Alinikatiza kwa upole.

"Baba Atieno, maji ni maji. Mtu yeyote huteleza. Hata kunibeba, wazee wamesema hakuna kosa kwa anayeokoa." Akatazama mlangoni, si mimi, kama adabu inavyotaka. "Lakini nilikuuliza ni nini kimevunjika. Nilikuwa sioni. Macho yangu siku ile yalikuwa ni mdomo wako, na ukaniambia si kitu, na mtoto wangu amekaa majini na mkono uliovunjika."

Mwanangu, nimepigwa na baba yangu nikiwa mdogo, nimetukanwa sokoni nikiwa mkubwa. Hakuna kilichonifika kama maneno yale. Min Achieng' amekwisha kwenda mbele ya haki, na mpaka leo nikiwa barabarani mtu akaniuliza kuna nini, hata kama ni gurudumu tu limepungua upepo, namwambia ukweli kabla sijashuka.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Nunua beleshi kwanza, kabla ya taa, lenye mpini unaotosha mikono yako, na ulifunge mahali ambapo utalifikia hata gari likiwa limeinama. Tafuta mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, na kipande kipana cha ubao cha kukalia jeki, kwa kuwa jeki bila ubao katika udongo wetu ni bure. Chukua geji ya kupimia upepo, na pampu yake. Magurudumu yakipunguzwa upepo hushika matope na mchanga, na ukifika lami lazima uyajaze tena. Kamba yako ya kuvutia ipimwe kwa uzito wa gari likiwa limebeba watu na mizigo, si kwa uzuri wa rangi yake, na usinunue iliyochanika hata ikiwa rahisi. Ifunge kwenye ndoano iliyoshikana na fremu tu. Usiifunge kwenye vyuma vya urembo, wala kwenye kile kichwa cha kuvutia trela, ambacho kikikatika huruka kama risasi. Tandika blanketi zito juu ya kamba au waya kabla ya kuvuta, na usiguse swichi mpaka umemwona kila mtu kwa macho yako amesimama mbali. Achieng' bega lake humuuma mpaka leo mvua ikikaribia, na yeye hanilaumu, nami ningependa anilaumu.

Kisha vijaribu vyote nyumbani, kwenye tope la uani, nguo zichafuke. Usiende peke yako. Gari la pili ni kifaa bora kuliko winchi. Maji uyavuke kwa miguu kwanza, na ukiyaona yamebadilika rangi, yaheshimu urudi. Na mtu wa mahali pale akikuambia acha gari hapa, liache, hata kama ni mbele ya wakwe zako. Usinunue kitu kwa ajili ya watakaokuona ukipita. Wafikirie walioketi nyuma, hasa asiyeweza kuona unachokiona, na akikuuliza ni nini kimevunjika, mwambie.

Nenda basi, mwanangu, na wenzako. Mungu akusawazishie njia ulizozichagua, na zile ambazo hukuzichagua akutangulie. Uliowabeba uwafikishe kwa miguu yao, vichwa vyao vikiwa vimefunikwa, na ukirudi upite hapa kwangu na matope yako, nikuandalie maji ya kunawa.